Filamu ya Baba Yako Isafishwe Wapi

Tima mwanangu,

Nakuandikia nawe uko chumba cha pili, nasikia unavyogombana na zipu ya begi. Mara mbili nimekuita, umeitika "Abee mama," nami nikasema "Basi, hapana kitu." Kitu kipo. Ila kila kikifika mdomoni kinajifunga fundo, na mimi nikianza kulia na wewe utaanza, na shangazi zako wamejaa uani wanasubiri mtu aanze ili nao wapate nafasi. Ndiyo nikachukua kalamu. Shule yangu waijua iliishia wapi, kwa hiyo palipokosewa papitie tu. Ukitaka kucheka, cheka. Huko hakuna atakayejua unamcheka nani.

Sitakuandikia habari za soksi wala za kula. Hayo umeshaambiwa na kila mtu tangu viza itoke, hata na wale ambao hawajafika Voi lakini baridi ya Ujerumani wanaijua utadhani wamezaliwa nayo. Wala uuguzi sina la kukufundisha, huo unaufuata kwa wenyewe. Nina jambo moja tu, ni la ile filamu ya baba yako. Iko hapa mezani mbele yangu, ndani ya kikopo chake cheusi, na mpaka dakika hii sijui kama kesho itaondoka nawe au itabaki nami. Kichwa kimenichanganyika wiki nzima. Leo nasema ndiyo, nikigeuka nasema la. Nimefikiri nikiandika huenda nikajua.

Hii habari unaijua vipande vipande, sasa ngoja nikupe nzima.

Baba yako alikuwa mpiga picha wa ufuoni kule Shanzu. Kamera shingoni, kofia ya ukindu kichwani, akiwapanga wageni wacheke. Alipiga watu wasio na idadi, na yeye mwenyewe hakupigwa na mtu ila mimi. Hilo sikuligundua mpaka alipokwisha kuzikwa. Tuna kitambulisho chake, basi, na ile picha ya kitambulisho umeiona, haina rangi na imefifia, ni kama mtu aliyeshtuliwa usingizini na polisi.

Sasa, kulikuwa na mgeni mmoja mzee aliyekuwa akija kila mwaka. Jioni moja akatandaza shuka nyeupe ukutani pale hotelini, akawaita wapiga picha na watu wa jikoni, akawaonyesha picha zake za Tsavo kwa mashine ya kumulika. Baba yako alirudi nyumbani siku hiyo chakula hakukigusa.

"Mishi," akaniambia, "nimeona tembo mkubwa kuliko nyumba hii."

"Tembo ni mkubwa kuliko nyumba hii hata bila mashine," nikamjibu.

"We cheka tu. Nywele za mkia wake nimeziona mmoja mmoja."

Hizo ndizo slaidi. Alinieleza mpaka nikasinzia, lakini nilishika. Filamu ya kawaida ukiisafisha, watu hutoka wamegeuka, weupe wamekuwa weusi na weusi weupe, mpaka uwachapishe kwenye karatasi ndiyo warudi kuwa watu. Ya slaidi mwisho wake haigeuzi kitu. Rangi zenyewe zimo humo humo ndani ya filamu, picha ndogo kama stempu, ukiiinua kwenye mwanga unamwona mtu kama alivyokuwa. Lakini ina dawa zake peke yake za kusafishia, na inataka uangalifu. "Hii haisamehe," baba yako alisema, na alisema kama anayemsifu mtu.

Mgeni yule alipoondoka alimwachia kamera moja ya zamani na filamu mbili za aina hiyo. Hapa kwetu Bofu, chini ya bati, mchana ni tanuri, na filamu haitaki joto. Friji hatukuwa nayo. Baba yako akachukua mkebe wa maziwa ya unga, akatia filamu zake, akaufunga kwa nailoni na mipira, akaufukia katika ule mchanga chini ya mtungi wa maji, pale panapotonewa mchana kutwa pakawa baridi. Kila nikienda kuteka maji ya kunywa ananiambia, "Taratibu mama, kuna wagonjwa hapo." Hata tulipozimaliza kuzipiga alizirudisha palepale. Alikuwa anamsubiri mgeni wake aje mwaka unaofuata, azichukue akazisafishe kwao. Mgeni hakuja. Na baba yako akaugua, tukadhani ni homa tu ya kawaida.

Lakini kabla ya kuugua alinifundisha mimi kupiga. Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, amevaa kanzu yake ya rangi ya maziwa. Akakalia ile mbuzi ya kukunia nazi pale uani, akakupakata, akanipa kamera. Nikaishika vibaya. Akainuka, akanishika mabega akanipanga kama anavyowapanga wageni, akarudi kukaa.

"Usibonyeze upesi," akasema. "Mtu akiona kamera huvaa sura nyingine. Ngoja achoke kuivaa."

Nikangoja. Wewe ulikuwa unamvuta ndevu. Akasahau kama mimi niko, akakutazama wewe. Nikabonyeza.

Tima, hiyo ndiyo picha ninayoitaka. Nilipiga na nyingine siku hizo, lakini hiyo ndiyo. Wakati ule sikujua iko katika filamu gani kati ya zile mbili.

Sasa nikwambie la eda, maana hili hujalisikia kwangu. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka mitatu. Nikakaa eda kama ipasavyo, ndani, na shemeji zangu hata salamu tulipeana nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa mdogo, karibu umri wako huu, nikaanza kuogopa kwamba uso wake unanitoka. Niamini, uso wa mtu unaweza kukutoka upesi hata kama umelala naye mto mmoja. Nikafukua chini ya mtungi, nikatoa filamu moja. Kwa nini moja, sijui. Pengine mkono ulikuwa na akili kuliko mimi. Nikamwambia bibi yako amwite Ami Rashidi.

Akaja akasimama upande wa pili wa pazia. Naona vidole vya miguu yake tu.

"Shemeji, Mungu akupe subira."

"Amin."

"Mama ameniambia kuna kitu cha kupeleka mjini."

Nikaipitisha filamu chini ya pazia. "Hiyo. Kaisafishe."

"Basi?"

"Basi."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia hii si ya kawaida, ina dawa zake, aulize kwanza. Lakini nikaona haya. Mwanamke aliye edani, mumewe hata kaburi halijakauka, asimame na mwanamume nyuma ya pazia azungumze habari za kamera! Nikasema "basi." Kila mtu angenisifu kwa adabu ile, na mpaka leo najuta.

Yaliyorudi unayajua, umekua nayo. Zile picha za kijani, na ile ya Ijumaa haimo. Baba yako kijani, ukuta wa nyumba kijani, kivuli cheusi kama lami hata macho yake hayaonekani, meno tu. Ami Rashidi akaniambia kupitia pazia lilelile, "Studio wanasema ndivyo zilivyopigwa, shemeji. Pole." Na wewe masikini ukalelewa na hizo. Ulipokuwa chekechea mwalimu alisema chora baba, ukachukua kalamu ya rangi ya majani ukampaka kuanzia kichwa hadi miguu. Mwalimu akaniita, "Mama Tima, mtoto ana tatizo la macho?" Ukajibu mwenyewe kabla yangu, "Sina tatizo. Baba yangu ni wa kijani." Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Mimi nilicheka naye, nikaja kulia huku nyumbani.

Kwa sababu, Tima, mimi niliamini. "Ndivyo zilivyopigwa." Na aliyepiga ni mimi. Miaka yote hii nilijua kwamba baba yako alinipa kazi moja ya mikono yake, nikaiharibu. Ile filamu ya pili nikaiogopa. Nikaiacha mchangani, na tulipopata friji nikaihamishia kule nyuma, umeiona ukidhani ni dawa ya bibi. Sikutaka mtu mwingine aniambie tena kwamba ndivyo nilivyopiga.

Ulipopata hii safari ndiyo nikaamka. Nikajiambia, huyu mtoto anaondoka hamjui baba yake ana rangi gani. Nikaitoa, nikachukua na bahasha ya zile za kijani pamoja na mkanda wa filamu yake, nikaanza kuzunguka.

Nilianza kwa yule kijana wa Kisauni, Kevo, mwenye duka la picha la vioo. Nikamweleza yote, safari hii sikuona haya. Akaniangalia kwa huruma.

"Mathe, usijisumbue. Leta tuoshe. Filamu ni filamu."

"Hii ya slaidi ina dawa yake."

"Dawa ni moja tu, mathe. Kesho jioni nakutumia kwa simu, ata sura utaona safi."

Wallahi nilikaribia kumpa. Alivyosema bila wasiwasi, moyo ulitulia kama uliopewa maji. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimekwisha sikia neno kama hilo mahali, na papo hapo sikukumbuka mahali palikuwa wapi, ila palikuwa na pazia. Nikamwambia nitarudi. Akasema, "Mkishindwa huko mko na mimi."

Ndipo watu wakanielekeza Changamwe kwa Mzee Twahir. Ni wa zile familia za kale za biashara, babu yake alikuwa na studio na baba yake alikuwa nayo, na yeye zamani alikuwa akisafisha slaidi za hoteli. Siku hizi ni picha za pasipoti na kutengeneza fremu. Hakuigusa kwanza ile filamu isiyosafishwa. Alichukua ule mkanda wa zile za kijani, akauweka juu ya kioo chenye taa chini yake, akauinamia muda mrefu.

"Nani alizisafisha hizi?"

"Zilipelekwa mjini. Zamani."

"Na nani alizipiga?"

Nikasema, "Mimi."

"Aliyepiga hana makosa. Tazama, mkono umetulia. Mwanga ameupata. Hii imetiwa dawa ya filamu nyingine, basi."

"Aliyepiga hana makosa?"

"Hana."

Nilikaa kitini bila kukaribishwa. Tima, sijui nikueleze vipi. Nilitaka kumwambia arudie tena, nikaona ataniona mwendawazimu. Nikauliza kama zinaweza kurekebishwa. Akasema filamu husafishwa mara moja tu, ikishatoka imetoka. Akaichukua ile isiyosafishwa, akaigeuza, akanionyesha: ulimi wake, ile ncha ya mwanzo, umeingia ndani wote, maana yake ilipigwa mpaka mwisho. Kuna kitu ndani. Au kulikuwa nacho. Kwa miaka hii na joto letu, alisema, rangi zinaweza kuwa zimefifia, au zimebaki nusu, hakuna ajuaye mpaka iguswe na dawa.

"Ningekuwa nazo mbili ningejaribu moja," akasema. Hakujua alichonichoma nacho.

Kutoka hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza hasa. Mzee akanipigia simu kwa mtu wake wa Nairobi anayesafisha za aina hii. Yule bwana ana sauti nzuri ya upole.

"Nitumie mama, nitaiweka pamoja na nyingine. Zikitosha nachanganya dawa."

"Zitatosha lini?"

"Zikitosha."

"Mara ya mwisho zilitosha lini?"

"Ni muda kidogo, mama."

Nikashukuru nikakata. Wewe ukaja na lako, umetafuta kwenye simu, ukanijia jikoni mikono ikiwa kiunoni.

"Mama, kule filamu watu wanazipeleka duka la dawa na sabuni. Wanaitia kwenye bahasha, inakwenda kiwandani, inarudi."

"Duka la dawa? Kwani inaumwa?"

"Mama!"

"Na ikichanganywa na ya mtu mwingine? Niletewe harusi ya Wajerumani?"

"Basi wapo na wenye maabara zao ndogo, mtu anaisafisha mwenyewe, kila wiki anafanya za hivyo. Nipe niende nayo, mama. Hiyo filamu imekaa chini ya mtungi kuliko nilivyokaa mimi darasani."

Nikakuambia nitafikiri. Ukaona kama nakukatalia, ukanuna mpaka chakula cha usiku. Nilikuwa sikukatalii. Nilikuwa sijui.

Jana niliposema nakwenda kutafuta leso ya kukufungia zawadi, leso nilikuwa nimekwisha nunua. Nilivuka feri nikaenda Changamwe. Nilikuwa nimempigia Mzee Twahir juzi nikamwambia, fanya, nataka mtoto aone kabla hajaondoka. Nikamkuta amebandika kitambaa cheusi dirishani, maji ya moto na ya baridi kwenye mabeseni, kipima joto mkononi.

"Nimechanganya dawa," akasema. "Ni za zamani, lakini pakiti zilikuwa hazijafunguliwa. Nipe."

Kikopo ninacho mkononi, na mkono haufunguki.

"Itatoka, Mzee?"

"Huenda."

"Huenda ya kutoka au huenda ya kutotoka?"

Akacheka. "Mama Tima, mara ya mwisho kusafisha hizi binti yangu mdogo alikuwa hajaolewa. Sasa wanawe wananifundisha simu."

"Kwa nini hukuniambia nisikuletee?"

"Nilikwambia mara tatu. Hukusikia. Ulikuwa unanitazama kama mtu aliyekuja kuambiwa ndiyo." Akaweka kipima joto chini. "Hebu niambie. Wataka picha, au wataka kuwa karibu na mwanao picha ikitoka?"

"Vyote viwili."

"Hilo la pili nakupa leo kwa hakika. Hilo la kwanza nabahatisha."

Nilitoka nikasimama nje ya duka. Malori yakipita, vumbi, na mimi nimeshika kikopo kama yai. Niliporudi ndani maji yalikuwa yamepoa, na Mzee alikuwa amekwisha elewa. Alimwaga dawa yote mferejini bila kunung'unika. "Bora imwagike dawa," akasema, akaniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo nilipo, mwanangu. Kumpa yule mwenye hakika ya uongo sikukubali, na kumpa Mzee mkweli pia sikuweza. Umebaki wewe, au imebaki friji.

Ngoja nikwambie kwa nini bado nasitasita, usidhani sikuamini. Miaka hii yote nimejitengenezea picha nyingine kichwani. Mimi na wewe dirishani, bega kwa bega, nainua ule mkanda kwenye mwanga, nakuonyesha, "Huyo hapo." Na wewe unasema kitu, sijui ni kitu gani, lakini nipo. Nikikupa uende nayo, utamwona baba yako kwa mara ya kwanza katika rangi zake ukiwa peke yako, katika mji nisioweza hata kutamka jina lake, pengine umesimama kituo cha basi na glavu mkononi. Mama gani anamwacha mtoto akutane na baba yake peke yake?

Na kuna jingine, nalo ni la aibu kidogo. Nimekuambia mengi kuhusu uso wake. Nimekuambia ana kidoti shavuni. Sasa hivi nikiulizwa shavu gani, sijui. Nimekuambia pua yako ni yake. Naogopa uone kwamba si yake, kwamba miaka yote nilikuwa nikikupa sura niliyoifuma mwenyewe kwa vipande vya kukumbuka na vya kutamani. Filamu haijui kutamani. Ukiona nilikuambia lisilo, jua sikukudanganya, nilikuwa nashika palipokuwa panateleza.

Zipu imefunga. Nimesikia umesema "Alhamdulillahi" peke yako.

Nimeweka kalamu chini muda kidogo, nimeichukua tena. Shangazi yako Mwanajuma alipitisha kichwa akauliza naandika nini, nikasema hesabu ya mahamri.

Unajua nimeona nini hapa nilipo? Ile ya kwanza nilimpa Rashidi na neno moja. Rashidi hakukosa kitu, alifanya alichoambiwa. Hii nikikupa wewe, siitoi na neno moja. Nimekwisha kuandika kurasa hizi zote. Hapana pazia hapa. Na baba yako mwenyewe alitaka zisafishwe huko huko mbali, na wanaojua. Mimi ndiye niliyeingiwa na haraka ya kumwona. Sasa nami nina haraka ile ile tena, nimezeeka kidogo tu, na nilitaka kuiita jina zuri, kuiita kuwa pamoja.

Nenda nayo, Tima.

Nimeamua. Nitaifunga ndani ya leso pamoja na barua hii, na utaiweka kwenye mkoba wa mkononi, usiiache katika begi kubwa. Mzee Twahir amesema mashine za kukagulia mizigo zinaweza kuiunguza. Waombe kwa adabu waikague kwa mkono. Waambie ni filamu ambayo haijasafishwa, uwaeleze ni ya nani ikibidi. Wakikataa, sijui ufanye nini. Wallahi sijui. Usigombane nao mpaka ukaikosa ndege. Ukiambiwa lazima ipite, ipitishe, piga bismillahi, na mimi sitakulaumu hata siku moja, umesikia?

Ukifika usikimbilie. Kwanza ujue kitanda chako kiko wapi na njia ya kazini. Filamu imengoja umri wako wote, itangoja ujifunze mabasi. Halafu tafuta huyo mwenye maabara yake. Usimchague kwa sababu yuko karibu, wala kwa duka kupendeza. Muulize, slaidi mlisafisha lini mara ya mwisho? Akisema jana, au akisema njoo Alhamisi ndiyo siku yake, mkalie kitako. Akisema filamu ni filamu, toka, hata kama nje kuna theluji mpaka magotini. Mweleze ni ya zamani na imekaa katika joto la Mombasa na unyevu wa mtungi, asije akafikiri amekosea yeye. Mwambie iko moja tu. Mwambie asiikate vipande, aiache mkanda mzima, utaikata wewe. Na akikuambia "sijui kama itatoka," usiogope. Mimi nimejifunza kumwogopa zaidi yule ajuaye.

Ikitoka tupu, niambie hivyohivyo. Usinitafutie maneno laini. Nitalia, kisha nitakaanga mahamri yangu asubuhi kama kawaida. Tumeishi na baba wa kijani, tutaishi. Lakini moyo wangu unaniambia kuna kitu, nao si moyo wa kutabiri, ni wa kutumaini tu, na kutumaini sijawahi kukuomba ruhusa.

Ikitoka na watu, usinitumie kwa simu papo hapo. Hilo nakuomba. Kaa nayo kwanza. Subiri mchana, simama dirishani, iinue mpaka mwanga uingie nyuma yake. Nilikuwa nataka niwe hapo, sasa sitaki tena, au nataka lakini nimekubali. Mtazame utakavyo. Tazama kidoti kiko shavu gani. Huyo mtoto anayemvuta ndevu ni wewe, na baba anakutazama wewe, mimi simo pichani, na ndivyo nilivyotaka tangu siku ile. Usione haya kwamba ni kipande cha filamu. Mwamkie. Mwambie, "Shikamoo baba," kwa sauti, kama mtoto aliyelelewa.

Kisha nipigie, saa yoyote. Marahaba nitakuitikia mimi.

Mama yako,
Mishi